Kebo ya winchi ya milimita 12 yenye moyo wa chuma: ninavyoiona baada ya msimu wa mvua

Nianze na jibu, maana wengi mnataka kujua kama pesa inarudi. Inarudi, lakini kwa mtu ambaye kebo yake inajizungusha kwenye ngoma ya winchi tabaka juu ya tabaka. Kama wewe unafunga tu turubai au unavuta gari dogo mara moja moja, kuna za bei nafuu zitakazokutosha.

Sisi kazi yetu ni depanaji hapa Lubumbashi. Tunavuta malori barabara ya Kasumbalesa, ya Likasi, na hata humu mjini, mitaa ya Ruashi na Katuba ambako mvua ikinyesha udongo mwekundu unameza tairi mpaka ekseli. Kebo iliyokuja na winchi yetu ilikuwa ya milimita 12, sawa na hii mpya. Kwa nje usingeona tofauti, maana tofauti ilikuwa ndani: ile ya kwanza ilikuwa na moyo wa katani, yaani kamba ya katani katikati, na nyuzi za chuma zimesokotwa kuizunguka.

Moyo wa katani si ubovu, tuelewane. Unashika grisi na kuirudishia nyuzi kutoka ndani, na kebo inakuwa nyepesi kukunja. Mahali ambapo kebo inapita tu juu ya gurudumu na kushuka, inafanya kazi vizuri. Kwenye winchi ya gari ni habari nyingine. Tabaka la juu likivutwa na lori lenye shehena linakandamiza la chini, na katani haina cha kujibu. Kebo inalala bapa, misokoto inabanana, nyuzi zinasagana zenyewe kwa zenyewe na kuanza kukatika. Yetu ilifika mahali ukiipima kwa kalipa upande mmoja inasoma chini ya 12, ukiigeuza inasoma zaidi ya 13. Hapo hakuna cha kujadili tena.

Hii mpya ni ya 6 kwa 36: misokoto 6, kila mmoja una nyuzi 36, na katikati badala ya katani kuna kebo nyingine ndogo ya chuma, 7 kwa 7. Ukihesabu zote ni nyuzi 265 ndani ya unene wa kidole. Nyuzi nyingi nyembamba zinapinda vizuri kwenye kapi dogo kama letu. Ila uzi mwembamba unaliwa haraka ukiburuzwa kwenye changarawe, na changarawe ndiyo tunayo. Aina ya 6 kwa 19 ina nyuzi nene zaidi kwa nje, inavumilia kuburuzwa, lakini kwenye kapi dogo inachoka mapema. Mimi nimechagua inayopinda, na vijana nimewaambia kebo isiguse ardhi kama kuna njia nyingine.

Watu wanapenda kuuliza nguvu. Kwa chuma cha daraja la 1770 (hiyo ni namba ya nguvu ya chuma chenyewe), kebo ya aina hii na unene huu inakatika kwenye kilonewtoni 90 hivi, yaani tani 9 na kidogo. Ya moyo wa katani ya ukubwa huohuo ni kama 84. Kwa hiyo nguvu haikuongezeka sana, na bei ilikuwa karibu mara mbili. Nilicholipia ni kebo inayobaki duara. Tena msichukue ile 9 mkaenda kuninginiza injini ya tani 9. Wanaonyanyua mizigo wanagawa kwa 5, na mtu hapiti chini ya mzigo hata hivyo.

Kuhusu duka. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea, nilipomuuliza daraja la chuma, alinijibu, "Papa, hii ni ya Ulaya, chukua tu." Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili alikuwa na karatasi ya kiwanda: muundo, daraja, namna ilivyosokotwa, nguvu ya kukatika. Nikapima mwenyewe kwenye vilele vya misokoto, siyo kwenye mabonde, ikasoma 12.4. Hiyo ni sawa. Kebo mpya hutoka kiwandani ikiwa nene kidogo kuliko jina lake, isizidi asilimia 5. Ningeona 11 na kitu ningeiacha palepale.

Kilichonifurahisha zaidi ni ukataji. Kijana wa duka alifunga waya laini pande zote mbili za alama, mizunguko mingi, akaukaza kwa koleo, ndipo akaleta diski. Kisha nikamwomba afungue ule waya kwenye kipande kilichobaki. Misokoto haikufumuka, ililala mahali pake. Maana yake ilipewa umbo kabla ya kusokotwa, na hata uzi ukija kukatika hausimami sana kama mwiba wa kuchoma mkono.

Nilichukua mita 30 za ile iliyopakwa zinki, isishike kutu, kwa sababu ya mvua. Uzito ni karibu kilo 18, na huo ndio ubaya wa kwanza: anayeivuta kwenda kwenye lori lililozama anatoka jasho. Ubaya wa pili, ni ngumu. Wiki za mwanzo ilikuwa inataka kuruka kutoka kwenye ngoma. Dawa yake ni kuizungusha mara ya kwanza ikiwa na mzigo. Tuliifunga kwenye pikapu, dereva akashika breki kidogo, tukaivuta taratibu kwenye mwinuko ili kila mzunguko ulale umekazwa. Ukiizungusha ikiwa legevu, siku ya kazi tabaka la juu linazama katikati ya yale ya chini na kebo inakwama.

Mpwa wangu ananisumbua tununue kamba ya Dyneema, ile ya nyuzi za plastiki. Najua sifa zake: ni nyepesi mpaka inaelea juu ya maji, na ikikatika hairudi kwa hasira kama chuma. Sawa, lakini inaogopa joto na inaogopa mawe yenye makali. Aniletee barabara isiyo na mawe kwanza.

Matunzo hayana siri. Tunaisugua kwa brashi ya waya, tunafuta tope, tunapaka mafuta ya kebo. Mafuta ya vidanje, yale machafu yanayotolewa kwenye injini, hapana, hata kama gereji nzima inayatumia. Yana vumbi la chuma na asidi ndani. Halafu kuna mzee mmoja aliyestaafu kazi ya chini ya mgodi Kipushi, alitufundisha kuipitisha kebo ndani ya kitambaa polepole: uzi uliokatika unanasa. Watu wa migodi ndio wenye haki ya kusema. Kebo ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa kwa ajili ya migodi ya Ujerumani mwaka 1834, na Wilhelm Albert wa Clausthal, misokoto 3 ya nyuzi 4 tu, kwa sababu minyororo ilikuwa inakatika bila kutoa taarifa. Pete moja ikienda, mzigo wote umekwenda. Kebo inakuonya uzi kwa uzi, kama una macho ya kuangalia.

Hata hivyo tunatupia blanketi zito juu yake kila tukivuta, na hatuanzi kabla watazamaji hawajasogea mbali. Lori likikwama hapa, mtaa mzima unakuja kuangalia.

Nisichokipenda kabisa ni kitanzi. Duka halikuwa na mashine ya kubana, kwa hiyo nilifunga kwa vibanio 3 na kile chuma cha ndani kinachozuia kebo isikunjike. Tandiko la kibanio linakaa upande unaobeba, ule mpindo wa U unakaa kwenye mkia. Kinyume chake unaiponda kebo pale pale inapovutwa. Na lazima ukaze nati tena baada ya mvuto wa kwanza, maana kebo inapungua unene kidogo ikivutwa. Hata ukifanya yote vizuri unabaki na kama asilimia 80 ya nguvu, na nati zinanasa kila kitu. Nitakayonunua baadaye itakuwa hii hii, ila nitaiagiza na kitanzi kilichobanwa kwa pete tangu kiwandani, hata kama itabidi nisubiri mzigo.