Seti ya Kushambulia au ya Kudhibiti?

Katika mtindo wa kawaida wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliotoka mwaka 1993, kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai na seti isiyopungua kadi 60. Seti ya kushambulia hujazwa viumbe wa gharama ndogo wanaomwandama mpinzani tangu zamu za mwanzo. Ikizuiwa, huishiwa nguvu upesi. Seti ya kudhibiti huzuia, huangamiza na kusubiri, nayo humtaka mchezaji akisie kadi za mpinzani kabla hazijachezwa, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo utamu wenyewe wa mchezo huu. Hata hivyo, anayeanza ningemshauri achague ya kushambulia, kwa kuwa makosa yake huonekana mapema.