TAHADHARI: Hiace ya "kilometa 118,000" na mshale wa spidi unaodanganya

Wakuu, kama unatafuta Hiace ya mtumba hapa Dar, soma hii kabla hujatoa hela. Jina la yadi siliweki kwa sababu shauri bado halijaisha, ila mchezo wenyewe nauanika wote.

Nilinunua Hiace namba D, dizeli, ya kubebea maturubai na viti vya shughuli. Dalali aliapa kwamba ilikuwa ya mama mmoja mwalimu, kazi yake kupeleka watoto shule na kurudi. Dashibodi ilisoma kilometa 118,000. Bodi safi, injini imeoshwa inang'aa, AC inagandisha. Nikalipa milioni 21, nikaondoka nayo najiona mjanja.

Wiki ya pili nikaanza ugomvi na vituo vya mafuta. Kila nikipiga hesabu, gari linakunywa kupita kiasi. Nilihama kituo mara tatu, nikamshuku hadi kijana wangu wa kazi kwamba ananyonya tangi usiku (nimeshamwomba radhi). Halafu nikaenda Morogoro, safari ya kama kilometa 190 kutoka Dar, dashibodi ikaniandikia 150 na kitu. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Sikushtuka.

Nilishtushwa na tochi, ile kamera ya trafiki ya kupimia spidi. Nipo Mlandizi, kibao cha 50, mshale wangu umetulia kwenye 50, nashangaa tu mbona wenzangu wote leo wanatambaa. Afande akanisimamisha na kunionyesha picha: 63. Nikabisha hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Elfu thelathini ikaenda.

Kesho yake nikamchukua mwanangu, akashika simu ya kuhesabia sekunde. Barabara kuu zina vibao vya kilometa pembeni. Ukienda 60 kamili, kutoka kibao kimoja hadi kingine ni sekunde 60. Mimi mshale ulikuwa 60 na nilitumia sekunde 48, yaani nilikuwa nakwenda 75. Tukarudia mara nne, jibu ni lile lile. Tukawasha na programu ya simu inayopima spidi kwa setilaiti, nayo ikasema 75.

Sasa hapa ndipo penye somo. Spidomita kudanganya kidogo ni kawaida, ila hudanganya kwa kuzidisha. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zinazotengeneza magari huifuata, inaruhusu mshale kusoma hadi 92 wakati gari liko 80 ya kweli, lakini hairuhusu usome hata 79. Gari la zamani linaweza kupotoka, na ukifunga tairi kubwa kuliko zake mshale utasoma chini: ukitoka 185R14 kwenda 195R15 unapoteza kama asilimia 6. Ila 60 inapokuwa 75, huo si uzee wala si tairi. Kuna mkono wa mtu.

Fundi wa umeme alipofungua dashibodi, skrubu zilikuwa zimechubuka na plastiki ya nyuma ina alama za bisibisi. Dashibodi ni ya gari la aina nyingine kabisa, lililochinjwa kuuzwa vipuri, ikapachikwa kwangu kwa sababu ilikuwa na kilometa chache. Inapokea ishara za gia boksi na kuzipigia hesabu ya gari lake la zamani. Ndiyo maana mshale uko chini, na kilometa nazo zinahesabiwa pungufu: nikitembea 100 inaandika 80. Oili niliyokuwa nasubiri 5,000 niibadilishe, nilikuwa naibadilisha kwenye 6,250.

Kibaya zaidi tulikikuta tulipoinua kiti cha dereva. Mlangoni walishabandua stika zote za matengenezo, gundi bado inaonekana. Chini ya kiti wakasahau moja ya Kijapani, ya kubadilisha mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu za injini): kilometa 212,600, mwaka 27. Hiyo 27 ni ya kalenda ya Kijapani, enzi ya Heisei, yaani 2015. Mama mwalimu wangu huyo alikuwa na safari ndefu sana za shule.

Na hili la mkanda si la kuchekea. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT inayowaka kila kilometa 100,000 au 150,000, na taa hiyo inategemea kilometa za dashibodi. Dashibodi ikiwa ya kuazima, taa inakuonya kuhusu gari la mtu mwingine. Mkanda ukikatika barabarani, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Mimi niliubadilisha siku hiyo hiyo bila kungoja taa.

Nilirudi yadi. Jamaa hakukana hata kidogo. Akanionyesha kwenye mkataba "gari limeuzwa kama lilivyo", kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Bro, kama hizo kilometa hazikupendezi, sema unataka ngapi, tukuwekee."

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, omba cheti cha kutolea gari Japani, kilometa za ukaguzi wa mwisho zimeandikwa humo. Akisema kimepotea, na wewe potea. Endesha gari kilometa chache simu ikiwa inapima spidi. Mshale ukisoma chini ya simu, usitoe hata advansi. Na kilometa ziandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu, muuzaji asaini pembeni yake.

Mimi kwa sasa naishi nayo hivyo hivyo. Nimechora kioo cha dashibodi kwa maka pen nyekundu: mshale 40 ni 50, mshale 64 ni 80. Dashibodi sahihi bado naitafuta.

Juzi nimepita pale yadi. Kuna Hiace nyingine nyeupe, usukani umelika hadi unang'aa, dashibodi inasema 96,000. Ukiipenda, inua kwanza kiti cha dereva.