Seti ya pili ya magurudumu: spoki au aloi?

Pikipiki ya Yamaha Ténéré 700 huja na rimu za spoki, yaani za nyaya, inchi 21 mbele na 18 nyuma. Ukitaka seti ya pili, ili moja ibaki na tairi za meno na nyingine iwe ya lami, je, ununue spoki tena au aloi, zile za kipande kimoja zisizo na nyaya, za 19 mbele na 17 nyuma?

Aloi hubeba tairi bila tyubu. Msumari ukiingia, unaziba tundu kwa nje, unajaza upepo, unaondoka. Na kwenye lami ya kutoka Gisenyi kwenda Kigali, gurudumu la mbele la 19 hulala kona kwa wepesi kuliko la 21.

Lakini hapa Goma mawe ni ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya 2002, iliyopita katikati ya mji, ina ncha kali kama vioo vilivyovunjika. Aloi ikigonga jiwe vibaya hupasuka, basi, umeshaipoteza. Spoki hupinda, na fundi anaweza kuinyoosha huku ukinywa chai. Tyubu yake ni kero, nakubali. Kuitoa kwenye mvua, njia ya Rutshuru, si mchezo.

Mimi nachukua spoki. Ila seti iwe na diski zake za breki na sproketi yake ya mnyororo, la sivyo kila ukibadilisha utashinda na bolti.