Mbao ya pecan: nimeifanyia kazi hapa Kampala, maoni yangu

Mafundi wenzangu, kama mtu anataka kukuuzia mbao ya pecan soma hii kwanza kabla hujatoa pesa. Ni ule mti unaozaa njugu za pecan, kwao ni kusini mwa Marekani na Mexico, Texas wameufanya mti wa jimbo lao tangu 1919. Kwenye soko la mbao la Ndeeba utazunguka sana na huipati, kule ni mvule, mahogani, musizi, paini na kalitunsi, mimi nilichukua kwa muuzaji mmoja anayeleta mbao za nje na bei yake si mchezo, imeiacha mvule mbali.

Lakini ni ngumu jamani! Kwa kile kipimo cha ugumu wa mbao kinachoitwa Janka, mvule iko kama 1260, pecan 1820, na hiyo tofauti unaisikia mkononi. Nimetengeneza stuli za baa pamoja na vipini vya nyundo, hizo stuli zinaburutwa na kuangushwa kila usiku na miguu haijalegea, na kipini chake kinameza mshtuko, unapiga kazi mchana kutwa mkono hauumi. Rangi nayo tamu sana, moyo wa mti ni kahawia yenye wekundu na pembeni inakuja nyeupe kama krimu, paka mafuta tu inatosha, ukiizika chini ya ile vanishi nyeusi utakuwa umeharibu pesa yako.

Sasa uwe tayari kwa shida zake. Inamaliza makali vibaya, bledi za kawaida zinakufa haraka, tafuta zenye meno ya kabaidi, na kwenye mashine ya randa pitisha kidogo kidogo maana pale nyuzi zinapogeuka mbao inachunika. Msumari bila kutoboa kwanza na drili hapana, ama mbao inapasuka ama msumari unapinda.

Kinachonisumbua zaidi ni unyevu. Pecan ikikauka inasinyaa sana, si kama mvule ambayo hutulia, na muuzaji aliniapia kwamba mzigo umekauka kabisa, kupima na mita ya unyevu nikakuta baadhi bado mbichi, ikabidi nizipange ndani na vijiti katikati mpaka zitulie ndio nikaanza kukata. Hapo kwa kweli sikufurahi, kwa bei ile mteja anastahili mbao iliyo tayari. Kulikuwa pia na vipande vya hickory ndani, huyo ni ndugu yake wa karibu na hata Marekani huziuza zimechanganywa, kwa stuli hakuna neno ila kwa meza kubwa chagua ubao mmoja mmoja rangi zisigombane.

Nje usiiweke kabisa! Haistahimili kuoza wala wadudu, na mvua yetu hii pamoja na mchwa utaletewa kesi na mteja. Mlango wa nje, geti, benchi la bustani, baki na mvule. Pecan mimi naipa nyota nne kwa stuli na vipini, kwa fremu za madirisha hata moja siipi.

Na vipande vinavyobaki usitupe, Texas wanachomea nyama na moshi wake una utamu fulani hivi, wapelekee jamaa wa nyama ya nguruwe hapo mtaani kwenu watakushukuru, ila viwe visafi, visiwe na gundi wala vanishi.