Kipimo cha matone cha kampuni ya API (GH na KH) kwa tangi la samaki wa dhahabu: uzoefu wangu

Wafugaji wengi hupima pH (kiwango cha asidi ya maji) peke yake. Mimi naanza na KH, yaani akiba ya bikaboneti inayozuia pH isiporomoke, na kwa kazi hiyo kipimo hiki nakikubali. Ndani kuna chupa mbili za dawa ya kupimia, moja ya KH na moja ya GH (ugumu wa jumla wa maji, yaani kalisi na magnesi), na kichupa cha kioo. pH hakipimi, kipimo chake utanunua kando.

Suuza kichupa kwa maji ya tangi, jaza hadi mstari wa mililita 5, kisha dondosha dawa ya KH tone moja moja, ukifunika na kupindua kila baada ya tone. Maji huwa bluu, yakigeuka njano, idadi ya matone ndiyo digrii zako (digrii moja ni ppm 17.9, yaani sehemu kwa milioni). GH hutoka rangi ya machungwa kwenda kijani. Chupa ishikwe wima kabisa, maana ikilala matone hayalingani na hesabu inapotea. Rangi ya tone la kwanza la GH ni hafifu mno, hivyo weka karatasi nyeupe nyuma. KH ikiwa ndogo, pima mililita 10 halafu gawanya matone kwa mbili. Vile vipimo vya karatasi huruka kutoka 40 hadi 80 ppm, na hapo katikati ndipo mambo yanapoharibikia.

Samaki wa dhahabu wanakula sana na kuchafua sana. Bakteria wa kwenye filta wanapogeuza amonia ya uchafu huo kuwa naitreti hula KH, na ikiisha pH inaweza kushuka chini ya 6, bakteria nao wakazubaa. Amonia inarundikana, ila kwenye maji ya asidi sumu yake hupungua. Ukiipandisha pH ghafla, sumu inarudi yote kwa mkupuo. Kwa hiyo badilisha maji kidogo kidogo kwanza.

Nalenga KH 4 hadi 8, na pH popote kati ya 7.0 na 8.4 mradi haiyumbi. Gramu 3 za baking soda hupandisha KH ya lita 100 kwa digrii 1 hivi. Kijiko cha chai cha kusawazisha kina kama gramu 5. Iyeyushe pembeni, usizidishe digrii 1 kwa siku. Baking powder hapana, ina asidi na wanga. Magadi ya kupikia pia hapana: yana kaboneti inayorusha pH juu, na ya Ziwa Magadi yana floraidi.

Baking soda haigusi GH. Kwa hiyo kuipandisha GH weka matumbawe yaliyopondwa ndani ya filta, ingawa pH ikipita 7.8 yanayeyuka kwa shida. Anayetumia maji ya mvua atahitaji haya yote, maana KH yake ni karibu sifuri. Mwenye kisima cha pwani kwenye mawe ya matumbawe apime kwanza, huenda asihitaji kuongeza chochote.

Vifuniko vya chupa mbili vinafanana. Vikibadilishana, dawa inachafuka.