Plickers: Simu Moja ya Mwalimu, Kadi za Karatasi, Darasa Zima

Mwalimu wa gredi ya 7 akiambiwa ajaribu programu za kuulizia maswali darasani, kama Kahoot au fomu za Google, ana haki ya kuuliza: wanafunzi wajibu kwa kifaa gani? Katika shule nyingi za umma nchini Kenya, kutoka Nakuru hadi Busia, mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na tableti za mpango wa serikali wa 2016 zililenga watoto wa darasa la kwanza. Plickers, programu ya kuulizia maswali ya chaguo, inajibu swali hilo vizuri kuliko nyingine za aina yake. Darasani, kifaa kinachohitajika ni simu ya mwalimu tu. Wanafunzi wanashika karatasi.

Kila mwanafunzi anapewa kadi yenye mchoro wa miraba myeusi usiofanana na wa mwenzake. Kadi ina pande nne, na kila upande una herufi iliyochapwa kwa umbo dogo: A, B, C au D. Anayechagua B anaizungusha kadi mpaka B iwe juu, kisha anaiinua. Mwalimu anapitisha kamera polepole mbele ya darasa, na simu inasoma kadi nyingi kwa mkupuo mmoja. Majina yanajitokeza kwenye skrini, kijani kwa aliyepata, nyekundu kwa aliyekosa. Kwa kuwa michoro inatofautiana na herufi ni ndogo mno, kuchungulia kadi ya jirani hakumfikishi mtu mbali.

Programu yenyewe haisumbui. Shida nyingi huanzia pale kadi zinapochapwa, na lawama huishia kwa simu.

Kadi hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Plickers. Seti ya kawaida ina kadi 40, mbili kwa ukurasa, yaani kurasa 20. Seti pana ina kadi 63, kurasa 32. Pale saiba, yaani duka la intaneti na kuchapa, inapotoza shilingi 10 kwa ukurasa wa nyeusi na nyeupe, seti pana ni shilingi 320 kwenye karatasi ya kawaida. Karatasi ngumu ni ghali zaidi, lakini ndiyo ya kuchukua, kwa sababu kadi laini hujikunja mkononi na mchoro uliojikunja hausomeki. Mfuko usiporuhusu, bandika karatasi ya kawaida juu ya manila kwa gundi, kisha uzikandamize kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Mhudumu wa saiba aambiwe mapema achape kila ukurasa kutoka kwenye faili. Fotokopi ya fotokopi hufifisha weusi ukawa kijivu, na kamera inashindwa kutenganisha mraba na karatasi. Asikate ukingo mweupe unaozunguka mchoro pia, maana bila huo simu haijui mchoro unaishia wapi. Na akikushawishi ulamineti kwa plastiki inayong'aa, kataa. Jua la Kisumu la saa sita likipenya dirishani, kadi ya namna hiyo inageuka kioo na simu haioni kitu. Plastiki isiyong'aa ndiyo inayofaa, ila si kila duka linayo.

Ukichapa seti mbili kwa ajili ya mikondo miwili, zitenganishe hapo hapo dukani. Kadi namba 12 zikiwa mbili darasani, programu inaziona kama mwanafunzi mmoja, na jibu la mmoja wao linapotea bila onyo lolote. Kosa hili ni gumu kuligundua kuliko yote, maana kila kitu kinaonekana kinaenda sawa.

Maswali na orodha ya darasa viandikwe kwenye kompyuta. Fungua akaunti, unda darasa, ingiza majina, kisha hakikisha namba ya kadi inalingana na namba ya mwanafunzi kwenye rejista. Zikitofautiana, badilisha kwenye ukurasa wa darasa. Jina la kwanza na namba ya rejista vinatosha. Namba ya UPI (utambulisho wa mwanafunzi serikalini), tarehe ya kuzaliwa au simu ya mzazi havina kazi humo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazipa taarifa za watoto ulinzi wa pekee.

Akaunti ya bure inakubali seti za maswali matano matano. Kuna walimu wanaolalamikia kikomo hicho, lakini kwa kipindi cha dakika 40 matano yanatosha kabisa. Kila swali, ukijumlisha kusoma, kuinua kadi na kujadili jibu, hula kama dakika tatu. Ukihitaji kumi, tengeneza seti mbili, kwani idadi ya seti haina kikomo.

Kinachotofautisha mwalimu anayenufaika na anayecheza tu ni chaguo za uongo. Zisiokotwe ovyo. Chukua 2/3 + 1/4. Jibu ni 11/12. Chaguo la 3/7 linamnasa aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, 2/12 linamnasa aliyezidisha, na 5/12 ni la aliyetoa badala ya kujumlisha. Nusu ya darasa ikikwama kwenye 3/7, mwalimu anajua papo hapo kwamba somo la kigawe kidogo cha shirika halijaingia. Kwenye Kiswahili, omba wingi wa "Ukuta umebomoka". Aliyechagua "Makuta yamebomoka" ameihamishia nomino kwenye ngeli ya LI-YA. Aliyechagua "Kuta yamebomoka" anaujua wingi wa nomino, ila upatanisho umemponyoka. Hao wawili wote wamekosa, lakini hawahitaji marudio ya aina moja, na daftari lenye alama ya mkasi (X) lisingekuambia hivyo mpaka baada ya siku mbili.

Tahadhari moja ya hesabu. Swali la chaguo nne humpa anayebahatisha nafasi moja kati ya nne. Darasa la watu 48 wakibahatisha wote, kama 12 hivi watapata. Kwa hivyo 20 waliopata si habari njema sana, na swali la kweli au si kweli linapima hata kidogo kuliko hilo, kwa kuwa nusu ya darasa inaweza kupata bila kujua lolote.

Wakati wa kusoma kadi, simama uyape madirisha mgongo. Ukiyaelekea, mwanga unaotoka nyuma ya wanafunzi unazifanya kadi ziwe vivuli. Futa lenzi kwanza, maana vumbi la chaki huganda bila kuonekana. Wanafunzi washike kadi kwa kingo, wima, mbele ya kifua, vidole visiguse mchoro. Madawati ya nyuma yakikataa kusomeka, usiongeze ukubwa wa picha kwa vidole. Tembea hatua tatu kwenye njia iliyo kati ya madawati. Na kabla hujamaliza, tazama idadi ya majina yaliyosomwa. Ikipungua, mara nyingi ni kidole cha mtu mmoja.

Projekta si lazima. Shule iliyopata ile ya mpango wa tableti wa 2016, ambayo mara nyingi imelala kabatini, inaweza kuiunganisha na kompyuta ili maswali yaonekane ukutani. Ila usifichue grafu mapema: darasa likiona nguzo ya C imepanda, kadi zinaanza kuzunguka. Pasipo projekta, andika swali ubaoni. Stima ikipotea, somo linaendelea, mradi simu ina chaji. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikiangukia mabati hata sauti ya mwalimu isisikike, kadi bado zinainuliwa na kusomwa. Dawa ya kuuliza maswali kwenye kelele hiyo ilikuwa haijapatikana.

Data ya intaneti ndiyo ya kuangalia. Bando dogo linatosha, lakini usingoje mtandao uje darasani. Fungua seti ya maswali ukiwa majilisi (chumba cha walimu), iache ikiwa wazi, na usitoke kwenye akaunti kabla hujayaona matokeo kwenye kompyuta.

Darasa lenye zaidi ya wanafunzi 63 linapita uwezo wa seti pana, na madarasa hayo si machache upande huu. Suluhisho la kufaa ni kadi moja kwa wawili: wanajadiliana kwa sauti ya chini, wanakubaliana, mmoja anainua. Unapoteza alama ya mtu binafsi, unapata mjadala, na kwa marudio ya somo huo ni mwafaka mzuri. Kugawa darasa pande mbili na kusoma mara mbili kunawezekana, lakini kunakula muda na upande wa pili unakuwa umeshasikia jibu.

Haifai kabisa kwa insha, kwa hesabu inayohitaji kuonyesha njia, wala kwa mtihani wa mwisho wa muhula. Anayetaka kusahihisha karatasi za chaguo kwa simu atumie programu nyingine, ZipGrade. Humo mwanafunzi anatia giza kwenye viduara, mwalimu anapiga karatasi picha, na kazi hiyo haihitaji intaneti. Akaunti ya bure inasahihisha karatasi 100 kwa mwezi, kwa hivyo darasa la 48 linafanya masomo mawili na kubaki karatasi 4 za watakaorudia.

Kwa jumla, Plickers inastahili nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki dukani, kwenye foleni ya kuchapa. Kadi zikishapatikana, zipange kwa namba kwenye bahasha, mpe kiranja kazi ya kuzigawa na kuzikusanya, na uzihesabu kabla kengele haijalia. Kadi moja ikipotea huhitaji kuchapa seti nzima: tafuta ukurasa wenye namba hiyo kwenye faili, uchape huo tu.