King'ora cha laini ya simu: nimekitumia, haya ndiyo niliyoyaona

Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma. Akitoka Dar leo, kurudi kwake kunategemea foleni ya mpakani, kwa hiyo usiku mwingi hapa kwetu Kivule tunabaki mimi, mama mkwe na watoto. Watu wananiuliza kwa nini nilitoa hela ya kumalizia vigae vya sebuleni nikanunua king'ora. Jibu ni hilo.

Kinauzwa Kariakoo, kwenye maduka yale yale ya kamera za ulinzi. Mimi nilikipata kwa kama laki moja na themanini baada ya kubishana sana. Duka la pili yake walikuwa wanataka laki mbili na nusu kwa boksi lile lile, kwa hiyo usinunue kwa mtu wa kwanza. Ndani unakuta mashine yenyewe, nyeupe, ina vitufe kama simu ya mezani. King'ora kidogo cha waya. Sensa mbili za mlango. Sensa moja ya mwendo. Rimoti mbili na adapta. Kuna na kijitabu cha maelezo ambacho nadhani aliyekiandika hakuwahi kukisoma. Sensa za ziada zinauzwa moja moja, nikaongeza za madirisha ya nyuma.

Kazi yake ni nyepesi kuielewa. Unaweka laini ya kawaida ya simu, unaiandikia namba za watu, basi. Mlango au dirisha likifunguliwa wakati umekitega, king'ora kinalia na mashine inaanza kupiga simu: namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mmoja apokee. Anayepokea anasikia kinachoendelea ndani ya nyumba, maana ina maiki. Hakitaki intaneti wala bando, yangu inatumia mtandao wa 2G. Kwetu huku nje kidogo ya mji, ambako kamera za Wi-Fi zinazimika kila bando likiisha, hilo lilinivutia kuliko kitu kingine chochote. Umeme ukikatika, betri ya ndani inashika. Limeshatukuta giza la jioni mpaka alfajiri na taa yake ikawa bado inawaka.

Sensa ya mlango ni vipande viwili, sumaku na kirushio. Vikiachana kidogo tu, mashine inajua. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Mlango wa chuma unaivuruga sumaku, ukiibandika moja kwa moja juu ya bati sensa inakuwa na kiherehere, leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Dawa yake ni kuweka kipande cha mbao chini ya sumaku, na kuhakikisha mlango ukifungwa vipande vyote viwili vinakaribiana kabisa, isizidi upana wa kidole. Kwa madirisha ya aluminiamu ya kuvuta hakuna shida hiyo. Sumaku inakaa kwenye kioo kinachotembea, kirushio kwenye fremu. Gundi ya karatasi inayokuja nayo achana nayo, joto la Dar linaiyeyusha; tumia skrubu au silikoni.

Rimoti ina vitufe vinne. Kufuli lililofungwa ni kutega kila kitu, hiyo ni ya wakati nyumba haina mtu. Kufuli lililofunguliwa ni kutegua. Chenye alama ya radi ndicho cha usiku: kinatega milango na madirisha lakini kinaiacha sensa ya mwendo ilale, ili mtoto akienda chooni asiamshe mtaa. Cha nne ni cha dharura, ukikibonyeza king'ora kinalia hata kama hukuwa umetega. Hicho nimekiweka kwa mama mkwe, kinalala chini ya mto wake na tasbihi.

Sasa kero. Sensa ya mwendo inasoma joto la mwili linalopita mbele yake. Fundi aliifunga juu ya ukuta wa sebule, karibu na taa. Taa inavuta wadudu, wadudu wanavuta mjusi kafiri, na mjusi akitembea juu ya kile kioo cha sensa, mashine inaona jitu zima linapita. Siku moja tumetoka kanisani tunakuta nusu ya mtaa iko getini kwetu. Tukaihamishia pembeni, mbali na taa, mbali na pazia linalopepea mbele ya feni. Tangu hapo imetulia.

Kero ya pili ni salio, na hii ni kasoro ya kifaa chenyewe. Mashine haikwambii kuwa laini haina hela. Taa inawaka, rimoti inaitikia, kila kitu kinaonekana kizima, kumbe ikipiga simu haitoki. Laini hizi nazo zinajua kujiunga zenyewe na huduma za nyimbo na vidokezo vya mapenzi, unashangaa vocha ya juzi imekwenda wapi. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa. Ninachofanya, kila mwanzo wa mwezi naweka vocha kidogo, halafu nafungua dirisha la nyuma makusudi simu itoke. Majirani wanajua, nawatumia ujumbe mapema.

Jingine: namba ya siri inayokuja nayo kiwandani iko kwenye kijitabu, na kila aliyenunua kifaa hicho anayo. Badilisha siku hiyo hiyo, kabla hata fundi hajashuka kwenye ngazi. Na ndiyo, namaanisha fundi pia.

Tuje kwenye swali lenyewe. Kinasaidia?

Kwetu kilisaidia. Ilikuwa kama saa tisa usiku, ule muda wanaoupenda wezi, watu wamelala fofofo na mbwa wa jirani wamechoka kubweka. King'ora kikalia. Sikuwasha taa. Nilichukua mtoto mdogo, nikaingia chumba cha mama mkwe, wakubwa walikuwa wameshafika. Mama akawa ameshika rimoti kwa mikono miwili.

"Mwanangu, usifungue mlango."

"Sifungui mama."

Simu yangu ikaita kabla sijamaliza kukaa. Jirani wa upande wa kulia, fundi bomba, ndiye namba ya kwanza kwenye mashine. "Dada, mko salama? Msitoke, tunakuja." Nikasikia filimbi yake, halafu ya upande wa pili, taa za nje zikaanza kuwaka nyumba kwa nyumba. Aliyekuwepo, kama alikuwa mmoja au watatu hatujui, hakusubiri.

Asubuhi tukaona. Kioo cha dirisha la jikoni kimevutwa, wavu wa mbu umechanwa kwa wembe, mchano mmoja umenyooka kutoka juu hadi chini. Chini yake, kwenye mchanga, jeki ndogo ya gari imezungushiwa vipande vya kitenge na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, isigonge. Wanaiweka kati ya nondo mbili, wanaizungusha polepole, nondo zinaachana mpaka mtu mwembamba anapita. Nondo zetu zilikuwa bado zimenyooka. Kioo kilipovutwa tu, sumaku ikaachana na mwenzake, na jeki haikupata nafasi ya kuanza kazi.

Nikaipeleka jeki kituoni, nikachukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi.

Lakini sikiliza, ndugu msomaji. Kilichomfukuza yule mtu ni zile filimbi. King'ora chenyewe, kwa makelele yake yote (boksi linasema desibeli 110), mtu akishajua hakuna anayekuja atakipasua kwa nondo aendelee na kazi. Nina ndugu yangu upande mwingine wa jiji, amezungushiwa ukuta na majirani asiowajua hata majina. Amenunua kifaa hiki hiki kwa ushauri wangu, akaweka namba yake, ya mkewe, na ya kaka yake aliyeko Mwanza. Wote hao wakipokea simu usiku wa manane watafanya nini? Nimemwambia aanze kwanza kwenda kusalimia nyumba ya jirani.

Mume wangu naye aliudhika. Alitaka awe namba ya kwanza. "Mimi ndiye mwenye nyumba." Nikamuuliza, wewe ukiwa Makambako utanifanyia nini zaidi ya kupata presha? Sasa ni namba ya tano. Zilizotangulia ni fundi bomba, mama wa duka la kona ambaye halali mapema, kijana wa ulinzi shirikishi aliye zamu, na mjumbe wetu. Polisi usiwaweke kwenye mashine. Haiongei, wao watasikia king'ora tu na hawajui ni nyumba gani. 112 piga mwenyewe, utaje mtaa na alama ya kuonekana. Sisi tuna pia namba ya polisi kata, alitupa kwenye mkutano wa mtaa.

Tulikaa na majirani tukakubaliana mambo kabla ya mashine kuwashwa. Hakuna anayetoka peke yake: unawasha taa, unapiga filimbi, unasubiri wafike wenzako. Waliokaa Dar 2022 wanakumbuka panya road, vijana kundi zima na mapanga mkononi. Kundi namna hiyo hulitokei na rungu lako moja ukiwa na kanga kiunoni. Na akikamatwa mtu, anakwenda kituoni akiwa mzima. Hilo lilileta ubishi mrefu kuliko yote, mzee mmoja akasema kituoni watamwachia. Mjumbe akasimamia hapo hapo: sisi tunajilinda, hatuui mtu kwenye mtaa wetu.

Watoto tumewafundisha jambo moja tu: kikilia, kila mtu chumbani kwa bibi. Mlango wa chumba kile tuliubadilisha, ni mninga, una komeo la juu na la chini. Dirisha lake lina grili ya kufunguka kwa ndani yenye kufuli, ufunguo unaning'inia kwenye msumari ambao mtoto wa darasa la pili anaufikia. Hiyo ni kwa ajili ya moto. Nyumba zetu tunazifunga nondo mpaka zinakuwa jela, na moto ukitokea sebuleni hakuna pa kutokea. Ukimwita fundi wa grili, mwambie hata dirisha moja lifunguke.

Mama mkwe, pamoja na kuipenda rimoti yake, bado anaamini wezi wanapuliza dawa ya kulaza watu. Mtaani kila aliyeibiwa husema alipuliziwa. Hata Ulaya wanaolala kwenye magari ya kambi husema hivyo hivyo, na madaktari wa usingizi wa Uingereza, kupitia Royal College of Anaesthetists, walishalieleza: kumlaza mtu kwa hewa ya kupuliza dirishani bila yeye kushtuka si jambo linalowezekana kirahisi. Mtu hulala tu, amechoka na mihangaiko. Ndiyo maana kitu kinachopiga kelele kina maana.

Kama una hela ya kufanya jambo moja tu, usianze na hiki. Anza na nondo nene, makomeo ya ndani, na taa ya nje, hata ile ya sola inayowaka mtu akipita. Mbwa ni mzuri lakini nyama yenye sumu ni rahisi kuliko jeki, na mbwa anataka kula kila siku. Mlinzi wa usiku ana mshahara wa kila mwezi. Fensi ya umeme inataka ukuta kwanza, na majani yakiigusa waya inapoteza nguvu, kwa hiyo ni ya mtu mwenye kwake pa kutunza. King'ora hiki kinakuja baada ya nondo na taa, kabla ya hayo mengine.

Nyota nne kwa tano kwa nyumba yenye majirani wanaoitikia. Kwa nyumba ya peke yake porini, mbili, na hizo mbili ni kwa sababu kitakuamsha wewe.

Ukienda kununua, nenda na simu yako na laini ya ziada ya kuweka ndani ya mashine, mwambie muuzaji aiwashe mashine pale pale dukani na ikupigie simu mbele yako. Sensa utakazoongeza ziwe za masafa yale yale ya mashine, yangu ni MHz 433, na kila moja aioanishe na mashine kabla hujalipa, kwa sababu ukirudi kesho yake atakuuliza ulinunua kwa nani. Betri za sensa za mlango nunua mbili mbili, maduka ya Kivule hawana, na kule Kariakoo wanakuuzia moja kwa bei ya tatu wakiona umevaa viatu vya safari.